Mpira Ulikuwa Bure Lini?

Kibanda kiko Makorora, Tanga, nyuma ya duka la mkaa. Bati juu, bati ubavuni, mabenchi saba, na televisheni mbili ukutani. Mlangoni kuna ubao mweusi. Mwenye kibanda ameandika kwa chaki timu, saa na kiingilio: shilingi 500. Jumamosi moja nilikaa benchi la tatu nikisubiri mechi ya Uingereza ya saa 12 jioni. Mzee aliyeketi kando yangu aliitazama sarafu yake kabla ya kuitoa, akasema zamani mpira ulikuwa bure, siku hizi wameufungia ndani ya king'amuzi. Vichwa vikaitikia benchi zima. Lakini hakuna aliyemuuliza: zamani ipi?

Maneno hayo nimeyasikia Tandale, nimeyasikia Mombasa, nimeyasikia ndani ya daladala. Sura yake haibadiliki. Palikuwa na enzi ya bure, akaja mwenye fedha, akaununua mpira, akaufungia. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waumini, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wa macho. Mwaka 1990, nikiwa na miaka 8, nilimwona mshambuliaji mkongwe wa Cameroon, mtu wa miaka 38, akimpokonya mpira kipa wa Colombia mbali kabisa na goli lake, akaenda kufunga, kisha akakimbilia kibendera cha kona na kukata kiuno. Niliona papa hapa Makorora, na sikutoa hata senti. Je, ushahidi huo ungebaki umesimama kama ningeufuata hadi ulikotoka?

Ulianguka siku ya kwanza. Nilikwenda kupekua magazeti ya zamani, nikaanza na Juni 1990. Habari za Kombe la Dunia zilikuwepo, na msisimko wa Cameroon ulikuwepo. Ratiba ya televisheni haikuwepo, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya kwanza vya Bara vilianza mwaka 1994, tena vilikuwa vya binafsi. Cha serikali kilikuja baadaye. Mtoto wa Makorora mwaka 1990 hakuwa na kituo cha kumwonyesha chochote. Basi picha ile iliingiaje machoni mwangu?

Nikashika njia ya baharini. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaifikiria rangi. Pemba iko mkabala na Tanga. Upande wa kaskazini iko Mombasa, na Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962. Mawimbi hayaombi pasi mpakani. Nilizunguka mitaa miwili nikiuliza, na waliokula chumvi nyingi walikumbuka vizuri: antena juu ya mlingoti, mtu mmoja nje anaizungusha, mwingine ndani anapiga kelele hapo hapo, usiguse, halafu chenga zinarudi. Walikumbuka taarifa za habari na ngoma. Walikumbuka pia kwamba picha ilikamatika vizuri usiku. Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa nini kumbukumbu yangu mimi ina jua?

Ina jua, na hilo sina shaka nalo. Mishale ya mwanga inapenya matundu ya bati, vumbi linacheza ndani yake, na mwanamke mmoja anapachika kanga dirishani ili kioo kionekane. Nikaacha magazeti, nikatafuta saa. Cameroon na Colombia walicheza Napoli tarehe 23 Juni 1990, saa 11 jioni kwa saa za Italia. Kwetu ilikuwa saa 12 jioni. Goli lile la kumpokonya kipa lilifungwa dakika ya 108, katika muda wa nyongeza. Ukipiga hesabu, Tanga ilikuwa imeshapita saa 2 usiku. Mechi nyingine nne za Cameroon katika mashindano yale zilianza saa 1 usiku au saa 4 usiku kwa saa zetu. Hakuna hata moja iliyopata jua la Makorora. Kama haikuwa mbashara, nilikuwa natazama nini?

Nilimpigia simu kaka yangu mkubwa. Tulisalimiana, nikamweleza ninachotafuta. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama naukumbuka wimbo. Wimbo gani? Ule wa Kihindi, akasema. Mara kipenga cha mwisho kilipopulizwa picha ilikatika, akatokea mwanamke mwenye sari ya njano anaimba chini ya mti, na watoto wote tukaguna. Ilikuwa kanda. Mtu aliirekodi juu ya sinema ya Kihindi, akaja nayo kutoka Mombasa, ikachezwa mchana kwa deki na jenereta ya kukodi, wiki kadhaa baada ya fainali. Nikamuuliza kuhusu kiingilio. “Nilikulipia mimi, mdogo wangu,” akasema. “Wewe ulikuwa mdogo, hukujua.” Nilikata simu nikiwa nimepoteza shahidi wangu pekee. Kama hata ile ilikuwa na kiingilio, ni lini mtu wa kwetu alitazama mpira bila yeyote kulipa?

Kitu kimoja kilikuwa cha wote, nacho ni redio. Mwaka 1980 timu ya taifa ilipokwenda Nigeria kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Bara ilicheza mashindano yale kwa masikio. Redio moja iliwekwa barazani na mtaa mzima ukaizunguka. Betri zikichoka ziliwekwa juani zipate nguvu ya kumalizia kipindi cha pili. Gharama ilikuwepo, maana betri ziliuzwa. Lakini baraza halikuwa na mlango. Mpita njia alisimama na baiskeli yake, akasikiliza dakika kumi, akaenda zake. Nikaanza kuhisi kwamba watu wanaposema bure hawasemi bei, wanausema mlango. Basi mlango uliwekwa na nani, na wapi?

Ukiwauliza wajuzi wa kibandani watakutajia Uingereza, mwaka 1992. Ligi kuu ikaundwa upya, haki za matangazo zikauzwa kwa pauni milioni 304 kwa miaka mitano, na mechi za moja kwa moja zikahamia satelaiti. Mkataba uliotangulia, wa mwaka 1988, ulikuwa wa pauni milioni 44 kwa miaka minne. Tarakimu hizo ni za kweli na ni za kushtua. Hadithi inaeleweka haraka: jana bure, leo dishi. Nilitaka kuiandika hivyo na kulala. Ila nilikuwa nimeshadanganywa na kumbukumbu yangu mwenyewe, nikaona nirudi nyuma ya 1992. Waingereza walikuwa wanaona nini kabla ya hapo?

Walikuwa wanaona kidogo mno. Fainali ya kombe lao ilirushwa nzima mwaka 1938, wakati televisheni yenyewe ilikuwa chombo cha nyumba chache za London. Mwaka 1960 walijaribu kurusha mechi ya ligi moja kwa moja kutoka Blackpool. Jaribio likafa hapo hapo. Kuanzia 1964 walipewa vipande vya mechi usiku, baada ya matokeo kujulikana. Mechi za ligi za moja kwa moja zilianza kwa utaratibu mwaka 1983. Miaka miwili baadaye wenye vilabu na wenye vituo walivutana kuhusu bei, na msimu wa 1985 ukafika nusu bila picha hata moja ya ligi kwenye kioo. Kwa hiyo enzi ya ligi ya bure, mbashara, ilidumu chini ya miaka 10, tena kwa mechi chache. Wakati wote ule wenye vilabu walikuwa wanaogopa nini?

Waliogopa viti vitupu. Waliamini mtu akipewa mpira sebuleni hatakwenda uwanjani, na vilabu vidogo vitakufa njaa. Hofu hiyo ilizaa kanuni inayoishi hadi leo: Jumamosi, kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni kwa saa zao, hakuna mechi ya moja kwa moja kwenye televisheni ya Uingereza, iwe ya kulipia au ya bure. Nilisoma kanuni ile mara mbili, nikaikumbuka ile Jumamosi ya benchi la tatu. Mechi yetu ya saa 12 jioni ilikuwa ya saa 9 alasiri kule. Mkazi wa mji ule ule unaochezwa mpira, kama hana tiketi, haruhusiwi kuiona mbashara nyumbani kwake. Kijana wa Makorora mwenye shilingi 500 anaiona. Katika jambo hili, nani kafungiwa nje?

Sitaki kuvuka haraka hapa, kwa sababu ndipo nilipokutana na karatasi ambayo hadithi ya kibandani haiitaji. Mwaka 1954 Uingereza ilitunga sheria ya kuruhusu televisheni ya matangazo ya biashara. Ndani yake paliwekwa kifungu cha kuzuia kituo kimoja kujitwalia peke yake matukio makubwa ya michezo. Kumbuka mwaka: 1954. Televisheni ya kulipia nyumbani ilikuwa bado ndoto, na mzozo ulikuwa kati ya vituo viwili vilivyoonekana na kila mwenye antena. Hata hivyo watunga sheria waliona hatari: kwamba siku moja tukio la taifa zima litakuwa mali ya mlango mmoja. Wale watu walijuaje kitu hicho miaka 38 kabla ya satelaiti kuinunua ligi?

Mbegu ile ikakua. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1996 iliifanya kuwa orodha yenye meno: Olimpiki, Kombe la Dunia, fainali ya kombe la kandanda la nchi, fainali za tenisi za Wimbledon, mbio mbili kubwa za farasi. Haki za kuyarusha moja kwa moja lazima ziwekwe mezani kwa vituo vya bure, kwa bei ya haki. Ulaya ikapitisha utaratibu unaofanana mwaka 1997. Wenye mashindano wakaenda mahakamani, wakidai si kila mechi ya Kombe la Dunia ni ya taifa zima. Ya makundi kati ya nchi mbili za mbali inamhusu nani? Mwaka 2013 mahakama ya juu ya Ulaya ikakubali kwamba Uingereza na Ubelgiji zina haki ya kuyaorodhesha mashindano yote. Lakini ligi ya kila wiki haikuwahi kuwekwa kwenye orodha ya Uingereza. Basi orodha inaokoa kitu kweli, au inaokoa sherehe na kuacha chakula cha kila siku kiende?

Kriketi inatoa nusu ya jibu. Mwaka 1998 mechi za nyumbani za timu ya taifa zilishushwa kutoka orodha ya kwanza ya Uingereza kwenda orodha ya pili, ile inayolinda muhtasari tu. Mwaka 2005 Uingereza na Australia walicheza mfululizo unaosimuliwa hadi leo, na watazamaji wa kituo cha bure walifika milioni 8.4 kwa wakati mmoja. Ulikuwa mwisho. Tangu 2006 mechi zile zikahamia kwa walipaji. Mwaka 2009 wapinzani wale wale walikutana tena Uingereza, na kilele cha watazamaji kikawa chini ya milioni 2. Upande wa pili, fedha zilizoingia zililipa makocha na viwanja vya vijana. Nimezisoma hoja za pande zote mbili na zote zina uzito. Ila mtoto ambaye hajauona mchezo, atautafuta uwanja wake kwa sababu gani?

Nilikuwa nimefika mbali na nyumbani. Ligi ya Uingereza ni ya Waingereza. Orodha yao haimlindi mtu wa Tanga. Mzee wa benchi la tatu alipolalamika hakutaja ligi, alisema mpira, na kwa umri wake mpira mkubwa wa kioo ulikuwa Kombe la Dunia. Nikaona nimefuata nyayo za mnyama mwingine. Nikarudi kwenye njia panda nikauliza upya: Kombe la Dunia lilikuwa likiifikiaje Afrika, na bei ilipanda siku gani?

Jibu lilikuwa Uswisi, kwenye makao ya shirikisho la kandanda la dunia. Kwa Kombe la Dunia la 1990, 1994 na 1998, haki za matangazo ziliuzwa kwa muungano wa mashirika ya umma ya utangazaji ya mabara mbalimbali, Afrika ikiwamo, kwa jumla ya faranga za Uswisi karibu milioni 340 kwa mashindano yote matatu. Mwaka 1996 zikauzwa haki za 2002 na 2006, nje ya Marekani, kwa kampuni za biashara. Bei: faranga bilioni 2.8. Mashindano mawili yakawa ghali mara nane kuliko matatu. Kwa maoni yangu hapa ndipo mlango wetu uliwekwa. Haukuwa mwaka 1992 wala haukuwa Uingereza. Ulikuwa mkataba uliobadilisha aina ya mnunuzi: kutoka shirika la umma linalotaka kurusha, hadi mfanyabiashara anayetaka kuuza tena. Mmoja wa wanunuzi wale alifilisika mwaka 2001 na mwenzake 2002, bado bei haikurudi chini. Kituo cha umma cha nchi maskini kingesimama wapi kwenye mnada kama huo?

Hata hivyo ngoja tuwe waangalifu na tarehe. Bara ilipata televisheni 1994. Kombe la Dunia la mwaka ule lilichezwa Marekani, na fainali ya Brazil na Italia ilianza saa 4:30 usiku kwa saa zetu. Mkataba wa zamani ulikoma na mashindano ya 1998. Maana yake, kama Bara iliwahi kuwa na enzi ya Kombe la Dunia lililonunuliwa kwa mtindo wa zamani, basi ni mashindano mawili. Miaka minne na kidogo. Wakati huo televisheni ilikuwa kitu cha nyumba moja kwa mtaa mzima, watu walikaa mkekani hadi uani, na baadhi ya wenye nyumba walishaanza kutoza. Je, inawezekana taifa zima linalilia mashindano mawili?

Labda linalilia antena. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Ukomo uliokubaliwa kimataifa ulikuwa 17 Juni 2015. Tanga na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Nilikuwa Dar usiku ule, kwa rafiki mwenye televisheni ya chogo juu ya kabati, kitambaa cha kufuma kimetandikwa juu yake. Picha ilikuwepo, halafu zikabaki chenga. Akaigonga ubavuni kwa kiganja, kama tulivyozoea wote. Chenga zilibaki. Asubuhi tulikwenda kununua king'amuzi. Kwa sheria chaneli za bure ziliendelea kuwa za bure, hata kifurushi kikiisha. Lakini tangu siku ile kati ya mtu na picha pana kisanduku, kadi na namba ya kulipia. Anayemiliki kisanduku kimoja tu atajuaje ni ukuta upi umejengwa na teknolojia na ni upi umejengwa na biashara?

Mwaka 2018 mambo yalizidi kuchanganya. Chaneli za bure za ndani ziliondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, kwa hoja kwamba leseni za ving'amuzi hivyo hazikuruhusu kuzibeba. Hoja ina mantiki yake, kwani aliyepewa leseni ya kuuza asijifanye mlango wa kitu cha bure. Kwa mtazamaji matokeo yalikuwa mageni: aliyelipa alikosa cha bure, akahitaji kisanduku cha pili. Nilimwona mama mmoja Temeke akiwa na rimoti tatu ndani ya kikapu cha ukindu, kila moja amefunga uzi wa rangi yake. Je, huyo utamwambia mpira wake ni wa bure au wa kulipia?

Sasa upande ambao kibandani haupendwi. Mei 2021 haki za matangazo za ligi kuu ya Tanzania Bara ziliuzwa kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, kwa kituo cha kulipia. Vilabu vilivyokuwa vikisafiri kwa kuchangishana nauli vikawa na mgao unaojulikana tangu mwanzo wa msimu. Mwaka 2023 mmoja wa watani wa jadi wa Kariakoo alifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2025 akafika mwenzake, na mchezo wa marudiano ukachezwa Zanzibar. Siwezi kuthibitisha kwamba fedha za matangazo pekee ndizo zilizowafikisha. Wapo wafadhili, wapo makocha, ipo bahati. Lakini atakayeandika kwamba kulipia kumeua mpira wa nyumbani ataandika uongo. Basi unawezaje kuupenda mgao wa klabu na kuuchukia mlango wa kibanda kwa wakati mmoja?

Nilitafuta nchi zilizojaribu kuvishika vyote viwili. Afrika Kusini iliandika katika sheria yake ya mawasiliano ya mwaka 2005 kwamba mwenye televisheni ya kulipia asijipatie haki za pekee zinazozuia matukio ya michezo ya kitaifa yasirushwe bure, na mwaka 2010 ikatoa kanuni zenye orodha. Humo kuna Olimpiki, Kombe la Dunia na Kombe la Mataifa ya Afrika, na hata mbio ndefu za Comrades zinazowakutanisha watu wa kawaida kati ya Durban na Pietermaritzburg. Udhaifu wake niliuona upesi. Sheria inamzuia tajiri asifunge mlango; haimpi maskini hela ya kuingia. Kituo cha umma kisicho na fedha kinabaki nje na orodha yake mkononi. Kuna nchi iliyolijibu hilo?

India ilijaribu. Sheria ya mwaka 2007 inamlazimu mwenye haki za matukio ya umuhimu wa kitaifa kumpa mtangazaji wa umma mawimbi yenyewe, mbashara, bila matangazo yake ya biashara. Mapato ya matangazo yanagawanywa, si chini ya asilimia 75 kwa mwenye haki na 25 kwa mtangazaji wa umma. Hapo mlango haufunguliwi tu, mgeni anaingizwa ndani na mwenye nyumba analipwa. Kesi zimekuwa nyingi, na wenye haki hawajafurahi. Bado kwa jicho la mtu wa kibandani hii ndiyo karatasi niliyoisoma kwa hamu kuliko zote. Je, ingepimwa vipi kwenye nchi ambayo soko lake la matangazo ni dogo?

Karatasi ya mwisho ilinirudisha kwenye bati. Mjini Portsmouth, Uingereza, mwanamke mwenye baa aliona ada ya kuonyesha ligi kwa wateja wake imemshinda. Akanunua kadi ya king'amuzi cha Ugiriki, ya bei nafuu, akaonyesha mpira. Alitiwa hatiani na kutozwa faini na gharama, akakata rufaa hadi mahakama ya Ulaya. Oktoba 2011 mahakama ikasema kuzuia watu kutumia kadi za nchi nyingine ndani ya soko moja la Ulaya ni kinyume cha sheria za soko hilo, ingawa nembo na vionjo vya matangazo vinabaki mali ya mwenyewe. Mwaka 2012 hatia yake ikafutwa. Niliposoma nilimwona mwenye kibanda wetu na ubao wake wa chaki. Kote duniani, mlango ukiwekwa, kuna mtu mdogo anayesimama katikati na kuwauzia wengine upenyo. Je, yeye ni mwizi wa mpira, au ndiye aliyeubakisha mtaani?

Nilirudi Makorora Jumamosi nyingine nikiwa na daftari limejaa. Mzee alikuwa pale pale, benchi la tatu. Nilimwamkia, nikamsimulia kuhusu kanda na sari ya njano, kuhusu Uswisi na faranga. Alisikiliza kwa heshima. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza: mzee wangu, uliposema zamani mpira ulikuwa bure, ulikuwa unatazama kituo gani? Akanitazama kama mtu asiyeelewa. “Kituo?” akasema. “Mwanangu, mimi nazungumzia uwanja wa Mkwakwani. Nje ya ukuta palikuwa na mwembe. Tulikuwa tunapanda.” Mwembe ule ulikatwa, akasema, na ukuta ukaongezwa matofali. Nilitazama kurasa zangu za satelaiti na mahakama. Miezi yote ile, nilikuwa nimetafuta mti?

Mechi ilianza. Ubavuni kwa kibanda, usawa wa kiuno changu, pana tundu la msumari lililopanuliwa kwa kitu chenye ncha, na kingo zake zimeng'aa kwa kuguswa. Jicho lilikuwa pale. Lilipepesa, likaondoka, likaja jingine. Mwenye kibanda aliyaona, akaendelea kuhesabu sarafu zake. Mzee naye aliyaona. Aliingiza mkono mfukoni, akageuka kuelekea mlangoni. “Baba,” akamwita mwenye kibanda, “huko nje wako wangapi?”